Bawabu na Daftari la Milango

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza mtandao wa hospitali hii, Bawabu anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini Juni. Jina hilo alipewa na wauguzi, naye akalipokea bila kununa. Anayeandika ni mimi, fundi niliyefanya naye kazi chumba kimoja, na ninaandika kwa moyo mzito.

Alianza hospitali ikiwa na kompyuta nne; anaiacha na mia sita. Alimfunza kila mgeni wa kazi kwa maneno yaleyale: anwani ya kompyuta inakufikisha kwenye jengo tu, namba ya mlango ndiyo inayokupeleka kwenye huduma. Tovuti ya wagonjwa iko mlango namba 443. Fundi anayeendesha kompyuta ya kazini akiwa kwake hupitia 3389. Milango inapita elfu sitini na tano, na wezi wa mtandaoni hubisha mmoja mmoja kutwa kucha. Kwa hiyo usio na kazi ufungwe.

Kila mlango uliofunguliwa aliuandika kwenye daftari la shule: namba, nani kaomba, kwa nini, hadi lini. Ya kudumu kwa wino, ya muda kwa penseli. Kila Ijumaa saa tisa alifunga ya penseli, akajaribu kuingia mwenyewe kutoka nje, na akishindwa ndipo aliweka alama ya vema. Daktari bingwa mmoja aliwahi kuomba mlango wa kutazamia mpira. Bawabu aliandika ombi kwa heshima zote, kwenye safu ya sababu akaweka "mechi", kisha akakataa. Tulicheka wiki nzima.

Miaka miwili iliyopita alifiwa na mkewe. Wiki ile daftari nililishika mimi. Mlango 3389 ulikuwa wazi hadi Ijumaa, kwa ajili ya fundi wa maabara aliyekuwa akimuuguza mama yake nyumbani. Niliweka vema kwanza, nikijiambia nafunga sasa hivi. Nikaitwa wodini, printa imegoma. Nikaenda, nikasahau.

Jumatatu tulikuta watu tusiowajua wamepita hapo na kuyatia kufuli mafaili yote ya wagonjwa, tusiweze kuyasoma. Kwa siku kumi na moja tuliandika kwa mkono, na waliosubiri upasuaji walirudishwa nyumbani. Bawabu alirudi kutoka mazikoni, akalitazama daftari, akanitazama mimi. Mwandiko wangu anaujua. Mbele ya kamati alisema mlango ule aliufungua yeye, basi lawama ni yake. Akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo ya kompyuta mbovu. Mimi nikapewa kiti chake, nikanyamaza. Aliniuliza mara moja tu kama siku hizi najaribu kabla ya kuweka alama.

Kwa sababu ya barua ile, cheti chake cha kustaafu hakina maneno "utumishi mwema". Nimeona aibu kuliko ninavyoweza kueleza. Leo asubuhi nimempelekea mkurugenzi daftari lile. Chini ya mstari wa 3389 nimeandika kwa wino kwamba alama ni yangu na sikufunga. Litakalonipata nimelitafuta mwenyewe.

Asante, kaka. Tunakuombea afya, wajukuu wakorofi kiasi, na Ijumaa nyingi ambazo saa tisa itakukuta umekaa. Milango nitaifunga mimi, na nitajaribu kabla ya kuweka alama.