Sauti ya Kiume Iliyosimulia Habari Zangu

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo. Nimeombwa niseme na ninyi wanafunzi wa udaktari mnaoanza wodi wiki hii. Naona wengine mmekaa karibu na mlango, mnanitazama kwa jicho la pembeni. Sawa tu. Ningekuwa mimi, ningekaa huko huko.

Kwetu ni Hombolo, mama analima zabibu. Nilipopata nafasi ya udaktari aliacha kuniita jina langu. Akipiga simu, ni "Daktari hajambo?" Darasani nilikwenda vizuri. Tulipoingia wodini ndipo mambo yakaharibika.

Asubuhi moja niliambiwa nimwekee mtoto dripu. Mtoto amekaukiwa maji, mshipa hauonekani. Nikachoma, nikakosa. Nikarudia, nikakosa. Mama yake hakunifokea. Alinitazama tu, akasema, "Binti, hakuna mwingine?" Nesi akaja akaiweka. Mtoto akapona, na hakuna aliyenisema. Lakini tangu siku ile mikono yangu ikawa inatetemeka. Nikisikia mtoto analia, kifua kinabana. Raundi ikianza, madaktari wakipita kitanda kwa kitanda na maswali, mimi naingia chumba cha mashuka najificha. Chakula hakipiti. Aliyejua ni mmoja tu, binti niliyekaa naye chumba kimoja hosteli, maana alinikuta nalia akanibana mpaka nikasema.

Siku hizo hizo wanafunzi wenzetu wakaanzisha podikasti, vipindi vifupi vya kusikiliza kwenye simu. Mwanafunzi anaeleza yaliyomsibu kwenye masomo, hatajwi jina. Vikawa vinazunguka kwenye magrupu yetu. Wengine walifurahi. Mimi nikajiuliza: nani kawatuma hawa? Tangu lini mtu akarekodi udhaifu wake bure? Nikaamini uongozi wa chuo uko nyuma, unatafuta wasioweza ili uwapunguze. Lakini, ndugu zangu, niwaambie ukweli, nilikuwa nasikiliza kila kipindi. Nilisikiliza kama askari, natafuta kosa.

Kikaja kipindi kimoja. Sauti ya kiume inasema: "Nilishindwa kumwekea mtoto dripu. Tangu hapo mikono inatetemeka, raundi ikija najificha chumba cha mashuka." Nikakirudisha nyuma, nikakisikiliza tena. Hizo ni habari zangu! Nikajua wamempa mwanamume azisome ili nisigundue.

Nikamfuata mwenzangu wa chumbani. "Umeniuza."

"Nimekuuza kwa nani?"

"Unajua mwenyewe."

"Haki ya Mungu sijafungua mdomo."

Sikumwamini. Nikaacha kula naye, nikaacha hata kumsalimu. Watu wakicheka kantini, nasema wananicheka mimi. Mwalimu akiniuliza swali, nasema ameshasikia. Nikafungasha nguo. Nilikusudia kwenda kwa mjomba wangu Msalato na kuuaga udaktari moja kwa moja, ila kwanza niwajue waliofanya vile.

Jumamosi mchana nikaenda wanakorekodia. Ni chumba cha kawaida cha hosteli, wameegemeza magodoro dirishani kuzuia upepo wetu huu wa Dodoma. Nikamkuta kaka mmoja wa mwaka wa tano. Tulimfahamu wote, wodini maswali yote anajibu yeye. Aliposema "karibu" tu, nikaitambua ile sauti.

"Nani kakupa habari zangu?"

"Habari zipi, dada?"

"Usijifanye. Dripu, mtoto, mashuka."

Akasema taratibu, "Zile habari ni zangu."

"Sauti ndiyo yako. Habari mmezipata kwa mwenzangu."

Hakukasirika. "Mimi nilikuwa najibanza nyuma ya lile kabati bovu, penye bomba linalovuja. Soksi zinalowa. Wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Nikakaa chini. Kwenye kipindi hakutaja kabati wala bomba. Na mimi, niliyekuwa najibanza pale pale, sikuwahi kumtajia mtu yeyote, hata mwenzangu. Mahali pale anapajua aliyekaa pale. Huyu, mjuzi wa wodi nzima!

Lakini msidhani niliamini mara moja. Nikaona nimejikamatisha mwenyewe. Nikamuuliza, "Sasa utapeleka jina langu kwa uongozi wa chuo?"

Akacheka kidogo. "Nikipeleka lako, si itabidi nianze na langu?"

Akanielekeza kwa daktari wa afya ya akili aliyemsaidia yeye. Sikwenda. Wiki nzima nilisubiri kuitwa. Kweli ofisi ya chuo ikapiga simu, nikaipokea. Wanasema kitambulisho changu kipya kiko tayari, nikachukue. Hilo tu.

Ndipo nikaenda kwa daktari yule. Nikamhoji kabla hajanihoji: nitakayosema yanakwenda wapi? Akanijibu bila kuchoka: "Yanabaki hapa, kama ya mgonjwa yeyote. Nikiona maisha yako yako hatarini nitamshirikisha mtu, na wewe nitakuambia kwanza." Kwa kuwa hakuniahidi makubwa, nikamwamini. Nilirudi kwake muhula mzima. Yule nesi wa wodini akanisimamia tena kwenye dripu, pole pole, mpaka mikono ikatulia.

Mwenzangu nilimwomba radhi huku naona haya. Akasema, "Nilikuwa nakusubiri. Nilijua si wewe, ni hofu tu." Tukala wali pamoja siku ile.

Leo niko kwenye mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Namshukuru Mungu. Namshukuru binti yule, kaka yule, daktari na nesi. Siwataji, hawakuniomba niwataje. Nawashukuru na vijana wa podikasti. Pale chuoni kuna bango la huduma ya ushauri nasaha, nililipita kila siku bila kusimama. Sauti ya mwanafunzi mwenzangu ndiyo iliyonikasirisha mpaka nikatoka nilikojificha.

Ninachowaomba ni kidogo. Siwaambii muamini watu upesi, mimi mwenyewe sikuweza. Ila ukimshuku mtu, mwendee, umuulize usoni. Uliza hata kwa ukali. Mimi nikimaliza hapa nitakaa nje, kwenye lile benchi la mbele ya maabara. Nina swali moja tu la kumuuliza atakayekuja: "Umekula?"