Mkosi wa Macho

Kwenye teksi mjini Kermanshah, Iran, simu ya dereva ilionyesha fainali ya kunyanyua vyuma. Mnyanyuaji, kijana wa mji wao, alikuwa ameshaangusha chuma mara mbili. Alibakiwa na jaribio moja tu. Bi Touba akamshangaa abiria mwenzake, aliyegeukia dirishani.

"Mbona hutazami, mwanangu?"

"Nikitazama tu, Hajati, anaangusha. Nina mkosi."

"Lo! Chuma chote kile kiogope vijicho vyako? Unajipa ukubwa!"

Kwenye simu, mnyanyuaji akainama, akakamata chuma. Teksi nzima ikapaza sauti pamoja naye kuomba nguvu: "Ya Ali!" Dereva akafunga breki katikati ya barabara.

Chuma kikapanda juu ya kichwa, mikono ikitetemeka. Honi zikalia nyuma yao. Bi Touba akajikuta amefumba macho.

"Mwanangu," akanong'ona, "hebu nitazamie."

"Nani, mimi?"