Mafuta ya Jenereta

Jumatano umeme ulikatika mke wa mgeni mmoja wa mji akiwa mezani hospitalini, anapasuliwa atolewe mtoto. Kwenye basi, mgeni alikuwa akimsimulia mama aliyeketi naye, macho bado yamemtoka. "Wakaniita ndani niwamulikie kwa simu. Mimi!"

"Maadamu mama na mtoto ni wazima, shukuru simu ilikuwa na chaji," yule mama akacheka. "Utatuzoea, mwanangu."

Fundi viatu, kiti cha nyuma, hakucheka. Mkewe alifia chumba kilekile mwaka juzi, gizani, na wakubwa wa hospitali, wale wanaotibiwa ng'ambo, walimwambia jenereta ni bovu.

"Kwani jenereta halijatengenezwa?" akauliza.

"Halina ubovu, mzee. Muuguzi alisema mafuta yake, mkurugenzi huyatia kwenye gari lake."

Basi likasimama, mgeni akainuka kushuka. Fundi akamshika mkono.

"Tangu lini?"