Sosi ya Dada

Benchi la muuza kahawa pale kona lina miguu mitatu na tofali moja, na wakaaji wake ni walewale: Makaa mchoma nyama, Kinyozi, na Fundi Saa, ambaye saa yake mwenyewe haijawahi kwenda sawa. Alasiri hiyo Makaa alikuja na chupa ya sosi ya haradali aliyoisaga asubuhi, ya saba tangu dada yake mkubwa aondoke kwenye banda lake. Sita za kwanza alizimwaga mtaroni. Wateja walikuwa wamepungua, na waliobaki walikula nyama kavu kwa adabu, jambo lililomuuma kuliko kutukanwa. Kahawa ikamiminwa, kijiko cha sosi kikapita mkono kwa mkono.

— Chungu, alisema Kinyozi, akifuta ulimi kwa leso. Halafu inawasha bila sababu.

— Nimeweka asali, siki, chumvi, kitunguu saumu. Kila alichokuwa anaweka yeye.

— Kosa ni mashine yako ya chuma, alisema Fundi Saa. Dada yako alikuwa anatwanga kwenye kinu.

— Kinu ninacho. Ya tano niliitwanga humohumo.

— Basi alikuwa anakoroga kuelekea kushoto.

— Fundi, tuheshimiane.

— Mishale ya saa inaenda kulia, sivyo? Ukiirudisha nyuma, ukali unapungua. Hiyo sayansi.

— Mie naona haradali inasikia, alisema Kinyozi. Msicheke. Mteja akikaa kwenye kiti changu na hasira zake, hata nywele zinakataa mkasi. Dada alikuwa anakoroga huku anaimba. Wewe unakoroga umenuna.

Makaa hakucheka. Alikumbuka siku ile mteja mmoja wa suti alipouliza sosi tamu namna hii ni ya nani, naye akajibu, "Mkono wangu huu, bosi," na dada yake amesimama hapohapo, bakuli mkononi. Dada aliweka bakuli chini, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake. Miezi minane sasa.

— Alikuwa na mkono wa kupika yule, alisema Fundi Saa.

— Na alikuwa mtu wa watu, alisema Kinyozi.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa anangoja kahawa yake na mfuko wa dawa kwapani, akawageukia.

— Poleni sana, kaka zangu. Alifariki lini?

— Nani?

— Huyo dada.

— Hajafariki, alisema Kinyozi. Anakaa pale ng'ambo, mlango wa bluu. Leo asubuhi kanisalimia.

— Sasa mbona hamjamuuliza?

Fundi Saa akaitazama saa yake, ambayo ilikuwa imesimama. Kinyozi akanywa kikombe kilichokwisha kuwa kitupu. Makaa alitaka kueleza kwamba mambo ya ndugu ni mazito, kwamba alikuwa anangoja hasira za dada zipoe, lakini aliona haya kuyasema mbele ya mtu aliyetoka kuwapa pole. Alikuwa amemkumbuka dada yake, na sosi ilikuwa kisingizio tu cha kumtaja kila siku.

Akasimama, akakung'uta majivu kwenye suruali, akavuka barabara.

— Makaa, umesahau chupa yako, Fundi Saa alimwita.

— Sijaisahau.