Kwanza Tusikilize: Kumuaga Fundi Wetu wa Amplifaya

Fundi wetu amelitumikia duka hili la vyombo vya muziki miaka thelathini na moja, na Ijumaa hii jioni anastaafu. Kazi ya kuandika wasifu wake imenifikia mimi ninayepika chai na kupiga deki, kwa sababu mabosi wetu wawili, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja alimkataza mwenzake asiandike. Basi msomaji anivumilie. Nitaandika nilivyoona, hata pale nisipoelewa, na nisipoelewa ni pengi.

Alianza hapa akiwa mbebaji wa makasha, enzi za marehemu baba yao mabosi. Alikuwa mwembamba hata kasha likipita ulidhani linajiendea lenyewe. Siku moja marehemu alimkuta ameinamia redio mbovu, chakula chake cha mchana kimepoa pembeni, akampandisha ghorofani kwenye karakana. Tangu hapo chai yake nimempelekea juu, na mara nyingi nimeirudisha chini imeota ngozi. Nimemgombeza sana. Mtu hawezi kuishi kwa moshi wa lehemu.

Huko juu kazi yake ilikuwa amplifaya, lile sanduku linaloichukua sauti ndogo na kuipa nguvu ya kutokea kwenye spika. Amezifungua za kila aina, za bei ya kawaida na zile za kifahari, zenye uso wa chuma kinene na taa za buluu, ambazo bei yake ukitajiwa unatafuta pa kukaa. Mteja akija anafoka, Fundi alimkalisha kwenye chumba cha kusikilizia, akazima feni, akasema, “Kwanza tusikilize.” Wengi hasira ziliisha kabla ya wimbo.

Yuko daktari mmoja wa meno alinunua moja ya kifahari, akarudi baada ya muda analalamika kwamba sauti imefubaa, mwimbaji kama kafunikwa shuka. Fundi alimfuata nyumbani akakuta mke wa daktari ametundika sebuleni mapazia mapya mazito, ya kumeza sauti. Alimwomba mama mwenye nyumba ayafunge pembeni kidogo ili apate mwanga wa kufanyia kazi, akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akarudisha kifuniko. Daktari akasikiliza, machozi yakamlenga. Hadi leo anasimulia kwamba chombo kile kina roho. Nilimwuliza Fundi kwa nini hakumwambia ukweli. Akasema ukweli ameuacha palepale dirishani, atakayeutaka atauona.

Sasa nifike kwenye hili linaloninyima raha. Bosi Mkubwa anazipenda hizo za kifahari. Anasema zimeundwa kwa mkono, ukizungusha kitufe unahisi heshima, na kati ya sauti na sauti unasikia mtu akivuta pumzi. Bosi Mdogo anasema pumzi hiyo anayoisikia ni ya mnunuzi akitoa pesa. Anaweka kipimo chake, mistari inatoka ile ile kwa ya ghali na ya kawaida, kisha anasema watu wanauziwa jina na bati, na mpenda muziki asiye na kitu anaondoka akidhani hata masikio hana. Wateja nao wamegawanyika. Kwenye chumba cha kusikilizia, wale wa Mkubwa wanakaa kushoto, wa Mdogo kulia, na nikiingia na sinia wananiangalia nitaanzia wapi.

Hawa ni wanangu. Nimewamiminia chai tangu miguu yao haijafika chini kitini. Wenzetu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi jembe sina, nina birika, nikajaza maji nikangoja. Maji yakachemka, ugomvi haukwisha. Wakakubaliana jambo moja tu: Fundi akiondoka, duka wanaligawa. Mwashi akaja, akapiga mstari wa chaki katikati ya sakafu, kutoka mlangoni hadi ukutani, ukapita kwenye mlango wa jiko langu. Sikujua nitabaki upande upi. Usingizi ukanikimbia, si kwa ajili ya jiko tu.

Jumatatu wakaleta zawadi za kumuaga. Mkubwa akaweka mezani amplifaya ya kifahari, Mdogo akaweka ya kawaida, nzuri, iliyopimwa. Wakamwambia Fundi achague moja. Tulielewa wote kwamba hiyo ndiyo hukumu, maana miaka yote hakuwahi kusema yuko kwa nani. Wateja walisimama hata kwenye ngazi. Mwashi naye alikuwepo na ndoo yake.

Fundi akazima feni. Akasikiliza moja, akasikiliza nyingine. Kisha akasema, “Sauti zake masikio yangu hayazitenganishi, wanangu. Lakini nipeni ile ya taa. Nimezifunga nyingi nikawarudishia wenyewe. Nataka moja ikae kwangu, mama watoto aione ikiwaka.”

Mdogo akacheka. “Umesikia, kaka? Hazina tofauti.”

“Nimesikia,” Mkubwa akajibu. “Na wewe umeona kachukua ipi?”

Kila mmoja akawa ameshinda. Wa kushoto wakapeana mikono, wa kulia wakapeana mikono, mimi nimeshika sinia sijui nimpongeze nani. Mwashi akauliza kama aanze kujenga.

Ikabaki kazi ya kuifikisha zawadi kwenye gari. Mgongo wa Fundi ni mbovu, na chombo kile hakibebwi na mtu mmoja. Mkubwa akashika upande huu, Mdogo upande ule. Walitoka wakizozana, wewe inua, wewe rudi nyuma, unanibana vidole. Tangu jeneza la baba yao sikuwaona wakibeba kitu pamoja. Walipopita, chaki ikafutika chini ya viatu vyao kuanzia katikati hadi mlangoni.

Nusu nyingine ipo. Nimeuliza niifute, Mkubwa kasema kamwulize Mdogo, Mdogo kasema subiri kwanza. Nimepiga deki huku na huku, mstari nimeuruka.

Fundi, asante kwa masikio yako na kwa uvumilivu wako. Sijaelewa kama umetupatanisha au umetuchanganya zaidi, ila tangu Jumatatu wanakunywa chai meza moja ili wabishane vizuri. Uende kwa amani, mgongo upone, taa za buluu ziwake sebuleni kwako, na mama watoto akuwekee chakula ukile kingali moto. Sisi huku bado tunasikiliza.