Mama Nakala na Wakazi wa Chumba Namba Nne

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, karani wa masjala ya mashauri ya familia atafunga dirisha lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Aliajiriwa karani daraja la pili na anastaafu karani daraja la pili. Ofisi ya utumishi imeniomba niliseme hilo kwa lugha ya kupendeza, nami nasema hivi: si wengi wanaojaliwa msimamo kama huo.

Mwandishi wa wasifu huu ni mpeleka wito wa mahakama hii hii, mwaka wa ishirini na nne sasa. Nimeteuliwa kuandika kwa kuwa wakubwa walikuwa na vikao, na pia kwa kuwa katika jengo zima hakuna aliyegombezwa zaidi na mstaafu wetu kuliko mimi.

Sote tunamwita Mama Nakala. Yeyote aliyefika dirishani kwake na karatasi moja alirudishwa akatoe mbili zaidi: moja ya mahakama, moja ya mwombaji, moja ya anayelalamikiwa. Mawakili walimwogopa. Mmoja wao, mwenye suti nzuri na haraka nyingi, alirudishwa mara nne kwa siku moja, na mara ya nne ilikuwa kwa sababu alisahau kutia sahihi yake mwenyewe. Tangu hapo hutuma msaidizi. Chini ya meza Mama Nakala huvaa kandambili, juu ya meza ni mahakama tupu. Miwani yake imefungwa uzi kwenye mkono mmoja tangu enzi za hakimu aliyepita, na mhuri haugongi mpaka asome ukurasa wote, hata kama nyuma ya mteja kuna foleni hadi mlango wa choo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupokea maombi ya amri za ulinzi. Kwa msomaji wa idara nyingine, utaratibu ni huu. Mtu anayepigwa au kutishiwa nyumbani anakuja dirishani, anajaza fomu, anaapa, anaonana na hakimu, na hakimu akiridhika anatoa amri ya kumkataza mkorofi asimsogelee. Amri hiyo haina nguvu mpaka mkorofi akabidhiwe nakala mkononi, asije akasema hakujua kwamba kumpiga mkewe ni kosa. Na kwenye ukurasa wa pili wa fomu kuna kisanduku cha anwani ya sasa ya mwombaji. Ukurasa huo nao umo katika nakala anayopewa mkorofi. Yaani anayekimbia anaandika kwa herufi kubwa alikokimbilia, anaapa kwamba ni kweli, kisha serikali inampelekea anayemkimbiza, bure kabisa. Waliobuni fomu hiyo walikuwa watu wasomi.

Katika mwaka wake wa tatu kazini, Mama Nakala alijaza kisanduku hicho barabara, kama alivyofundishwa. Mwombaji alikuwa mpishi wa hoteli, mwanamke mcheshi, aliyehamia kwa dada yake. Karani wetu, kwa kupenda kazi safi, aliandika hata rangi ya mlango. Siku ya kusikilizwa mwombaji hakutokea, na hakuweza kutokea tena mahali popote. Mahakama ilikuwa haijapata habari za msiba, kwa hiyo jalada lilifungwa kwa maneno ya kawaida: maombi yametupwa kwa sababu mwombaji hakufika. Mhuri uliopigwa chini ya maneno hayo ni wa kwake. Alinisimulia mara moja tu, miaka mingi baadaye, akiwa anapanga majalada, bila kugeuka.

Tangu juma lililofuata alianza tabia ambayo leo ndiyo urithi wake. Kila mwombaji alipofika kwenye kisanduku cha anwani, Mama Nakala alimgeuzia fomu, akaijaza yeye: Masjala ya Mashauri ya Familia, Chumba Namba Nne. Mahali pa kweli alimwambia mwombaji amnong'oneze, naye akapaweka kichwani. Hakuandika popote. Mtu huyu, ambaye hakuamini tarehe yoyote isiyokuwa na nakala tatu, aliweka jambo zito kuliko yote mahali pasipo na hata nakala moja. Amri ikikaribia kwisha, alimaliza kazi, akavaa viatu vya kweli, akaenda mwenyewe kumkumbusha mhusika aje kuihuisha.

Chumba namba nne kina hatua tano kwa sita. Kina meza mbili, kabati lisilofunga na dirisha moja.

Sasa tuje kwa fundi cherehani, miaka minne iliyopita. Alikuja dirishani na mkono wa kulia umefungwa bandeji. Mumewe alikuwa amemvunja vidole viwili vya mkono huo, makusudi kabisa, na kumweleza kwamba akimpata tena atamalizia vilivyobaki, tuone atashona na nini. Fundi alikuwa amehamia kwa shangazi yake pamoja na cherehani. Alipata amri siku hiyo hiyo. Mama Nakala alinikabidhi nakala ya mume na kuniambia niende upesi, kwa kuwa mpaka itue mkononi mwake, ile karatasi iliyokuwa kwenye mkoba wa fundi ilikuwa na nguvu sawa na risiti ya duka.

Nilimtafuta yule bwana siku kumi na saba. Alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa heshima, anayesalimia watu wote mtaani na kuwapisha wazee njiani. Dukani niliambiwa kasafiri. Nyumbani kwa mama yake niliambiwa amelala, nikarudi mchana nikaambiwa bado amelala. Ndugu yake alisema yuko msibani, na nilipouliza msiba wa nani akaniambia nisiwe na haraka. Wakati huo mwenyewe alikuwa akizunguka mjini na gari lake, akiuliza kwa upole, duka kwa duka la vitambaa, kama kuna aliyemwona mkewe. Alisema ana wasiwasi naye. Mtaa wa tatu kutoka kwa shangazi, muuza nyuzi mmoja alimhurumia akamwambia ajaribu kwa huyo shangazi. Fundi alitoka hapo kwa shangazi kwa mlango wa nyuma, akahamia pengine, mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

Siku ya kumi na nane nilirudi masjala na karatasi yangu ile ile, imechakaa pembe. Mama Nakala alinigombeza kwanza, kama ilivyo ada. Kisha akavua miwani, akaniuliza huyo mtu anatafuta nini. Nikamwambia anamtafuta mkewe. Akasema basi tumpe. Akanituma dukani kwa yule ndugu, mikono mitupu, nikapitishe maneno kama mtu anayelalamikia kazi: kwamba anwani ya mwombaji imo ndani ya jalada, ukurasa wa pili, na kwamba mhusika halali, akija mwenyewe na kitambulisho, ana haki ya kupewa nakala kwa sahihi yake.

Nilikwenda nikasema. Njia nzima nilikuwa najisikia vibaya, kwa kuwa maneno yote yalikuwa ya kweli.

Kesho yake alikuwa dirishani kabla hatujafungua. Amenyoa, amepiga pasi, kitambulisho mkononi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mtu huyu alikuja ukingoni kwa hiari yake, amejipulizia na marashi. Alimsalimia karani kwa kumwita "mama yangu". Mama Nakala alimwita "mwanangu". Alisaini kitabu cha makabidhiano, jina kamili, tarehe na saa, na akapewa furushi lote: amri juu, kisha wito, fomu ya maombi na kiapo. Hakuangalia wito, hakuangalia amri. Alifunua moja kwa moja ukurasa wa pili wa fomu, akasoma, akainua macho.

"Mama, hii ni hapa."

"Ndiyo, mwanangu. Sasa soma na ukurasa wa kwanza."

Ukurasa wa kwanza wa furushi ulikuwa amri yenyewe. Ilimkataza kukaribia makazi ya mwombaji kwa umbali wa mita mia mbili, na ilianza kufanya kazi dakika ile aliyotia sahihi. Mama Nakala alimweleza taratibu, kama anavyomweleza kila mteja, kwamba makazi ya mwombaji kisheria ni chumba hiki, kwamba yeye amesimama hatua mbili kutoka mlangoni, na kwamba yule askari pale kwenye benchi anajua kusoma. Bwana yule aliyewapisha wazee njiani alitoka bila kumpisha mtu. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati lisilofunga. Sioni aibu kusema kwamba nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli.

Matatizo yakaanza hapo. Siku ya kusikilizwa ilipofika, mume hakuweza kuingia mahakamani bila kuvunja amri ya mahakama. Hakimu ikabidi aandike kibali maalumu cha kumruhusu mtu kukaribia mahakama kwa ajili ya kuhukumiwa nayo. Nakala ya kibali ilipanda makao makuu, makao makuu wakashangaa, akaletwa mkaguzi. Mkaguzi alikaa siku sita, akapekua majalada ya miaka yote, na kuhitimisha kwamba katika chumba cha hatua tano kwa sita wameishi watu mia nne na kumi na wawili, wengine pamoja na watoto, bila kibali cha afya.

Tuliitwa wote kwenye kikao. Mkaguzi alisema mficha uchi hazai, na kwamba idara ikiendelea kuficha taarifa haitakuwa na takwimu. Hakimu alimwuliza kanuni inasemaje. Ikasomwa: anwani ambayo kwayo mwombaji atafikiwa na hati za mahakama. Hakimu akageuka kwa Mama Nakala, akamwuliza kama zinawafikia. Akajibu kwamba tangu alipoanza kuzipeleka yeye hakuna iliyopotea. Kikao kikaahirishwa ili kuundwa kamati. Kamati hiyo tunaisubiri bado.

Hata hivyo, kosa ni kosa. Mama Nakala alipewa barua ya onyo kwa kukosa umakini katika ujazaji wa fomu, yeye wa nakala tatu, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya kupandishwa cheo, ambako lilikuwa limefika juu kabisa baada ya miaka mingi ya kupanda. Aliisoma barua yote, akarekebisha koma moja, akatoa nakala tatu, akaifungulia jalada. Alasiri ile ile alipokea mwombaji mwingine na kumhamishia chumba namba nne.

Mwaka huu umekuja mfumo mpya wa kompyuta. Ni mfumo mzuri, unang'aa. Hauruhusu mtu aandike anwani ya mahakama. Ukiandika, unatoa mlio. Amri zote zilizo hai zinatakiwa ziingizwe humo kabla ya mwisho wa mwezi, zikiwa na anwani halisi, na kila mhusika ataweza kusoma jalada lake kwa simu akiwa kwake. Amri zilizo hai ni kumi na tisa. Ya fundi ni mojawapo. Mumewe tayari ameshapiga simu mapokezi mara mbili, kwa adabu, kuuliza huduma hiyo inaanza lini.

Makabidhiano yalifanyika Jumatatu iliyopita, mbele ya mkuu wa masjala, nami nikiwa shahidi. Mama Nakala alikabidhi funguo, mhuri, vitabu vitano vya sahihi na stepla. Mkuu alishuka kwenye fomu mstari kwa mstari hadi ule wa mwisho, wa taarifa nyinginezo.

"Na anwani halisi za hawa kumi na tisa?"

"Sikumbuki, mkuu. Uzee huu."

Mkuu wetu si mtu wa maneno mengi. Alimtazama, akanitazama mimi, akatazama dari kwa muda. Pale dirishani alikuwa amesimama mama mmoja na mfuko wa nguo, hajui aanzie wapi.

"Basi naandika hakuna," akasema, na akaandika. Nikatia sahihi ya shahidi chini yake.

Mfumo nao, ukikosa anwani, una kitufe kimoja tu unachoruhusu kubonyeza: haijulikani.

Kwa wiki tatu sasa Mama Nakala amekuwa akiniita chumba namba nne saa ya chai, tunafunga mlango, na watu wameanza kusema. Naomba ijulikane rasmi kwamba tulikuwa tukizungumzia maumivu ya magoti yake. Nimegombezwa sana kuhusu magoti hayo. Nimekosea, nimerudishwa mwanzo, nimepigwa rula vidoleni kama mwanafunzi, mpaka nikayakariri yote kumi na tisa.

Juzi, nikiwa katika shughuli zangu za kawaida, nilipita mtaa ambao siutaji. Nyuma ya mlango mmoja cherehani ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda tena, na sauti ya mwanamke ilikuwa ikimwambia mteja kwamba gauni bado, arudi kesho, kama wanavyosema mafundi wote wa dunia hii. Mteja alikuwa analalamika. Nilisimama kidogo nikasikiliza. Sikuwa na hati ya kumpa mtu, kwa hiyo sikubisha hodi.

Dada yetu mkubwa, watumishi wote wanakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, pamoja na tuliowahi kurudishwa dirishani. Uishi vyema huko uendako, na usiku ulale usingizi. Wapo wanaokumbuka.