Baba Yetu André na Klabu ya Waungwana wa Bellevue

Ndugu zetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi leo mkaja kukaa nasi, mimi ni Jeannine, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Jana wazee wa kanisa walimwambia mama kwamba nikiiruka sehemu ya klabu mchungaji ataingia, ataomba na kumsindikiza baba kaburini, nisipoiruka hataingia, na hivi sasa yumo ndani ya gari pale nje, anasikiliza. Mama ameniambia nisome yote.

Baba, André Namegabe, alizaliwa tarehe 9 Februari 1968 huko Bukavu, Kongo, akasoma shule ya msingi mtaa wa Kadutu kuanzia 1974 hadi 1980, akaanza sekondari, akaiacha mwaka 1983 babu alipofariki, akaingia ufundi wa kushona, na mkono wake ukawa mzuri hasa kwenye makoti. Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na mama yetu Célestine, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Glody na Arlène. Vita vilitutoa nyumbani mwaka 1999, Machi 2002 tukafika Johannesburg, baba akapata meza ya cherehani katika jengo moja mjini kati, tukapanga chumba hapa Bellevue, nyumba ya familia saba na choo kimoja.

Mei 2008 sisi wageni tulipigwa na wenyeji, tukafukuzwa majumbani, mnakumbuka, wengi wenu mlikuwepo. Katika hema la waliofukuzwa baba alilala jirani na Bwana Mselem, mfanyabiashara wa Tanga, na kila asubuhi wanaume wazima walipangwa mstari wa mkate, wakaitwa boy na vijana wa umri wa watoto wao, wakaitwa makwerekwere, tusi la hapa kwa wageni, na kila mpita njia, mpaka hao wawili wakapatana kwamba wakitoka hai watatafuta mahali ambapo mwanamume ataitwa Bwana walau mara moja kwa wiki.

Jumapili tarehe 14 Septemba 2008 klabu ilifunguliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, wanaume tisa, Wakongo na Watanzania, na sharti lilikuwa koti, tai, na kuitana Bwana. Asiye na koti alikuta matatu yametundikwa nyuma ya mlango, baba aliyashona kwa vitambaa vilivyobaki, na nilimwona mlinzi mmoja wa Midrand akivaa moja akalia. Sisi wanawake hatukuruhusiwa kuvuka kizingiti ila na chai, na hilo nitamdai baba mbinguni.

Jina lilitoka kwa Bwana Mselem, Klabu ya Waungwana, maana kwao muungwana ni mtu mwenye adabu na heshima. Pitchou, aliyechora kibao, ni wa kwetu, akaandika alivyosikia, Klabu ya Wangwana, na kwetu mashariki ya Kongo, tangu enzi za mababu, mngwana ni Mwislamu. Habari ikafika kanisani kwamba André amesilimu, akaitwa Machi 2009, akaeleza, akarudi na rangi akaongeza hiyo herufi iliyokosekana, haikusaidia kitu, akatengwa na meza ya Bwana. Herufi moja, ndugu zangu. Na baba hakuacha kanisa, kwa miaka kumi na sita alikaa benchi la nyuma, sahani ya mkate ikimpita, halafu mchana akaja klabuni.

Aprili 2015 fujo zilirudi, mlango wa klabu ukavunjwa, Bwana Mselem akapigwa kichwani, akafariki siku ya pili. Baba aliweka bega chini ya jeneza la rafiki yake pamoja na Waislamu, na wazee wakasema huo ndio ushahidi waliokuwa wakiungoja. Inaniuma mpaka leo.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, na mwezi uliopita, alipojua haponi, aliomba aletewe meza ya Bwana kitandani. Akajibiwa kwamba kwanza aikane klabu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hawezi kuwakana watu waliomwita Bwana, akageukia ukutani, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi alfajiri, akafariki bila kupokea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, mafundi wenzake wa mjini kati, na wanaklabu, Bwana Seif, Bwana Yasini na wengine, waliompeleka hospitali kwa zamu na ambao leo watambeba.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba tunamkaribisha mchungaji. Lakini nyote mmesikia, gari limewashwa na limeondoka. Haya, limeondoka. Mama amesimama, anasema yeye mwenyewe ndiye atakayeomba pale kaburini, kwa hiyo tunaomba mumsogelee mkaribie, maana sauti yake imekwisha kwa kulia na Waislamu wetu wangependa kusikia mahali pa kuitikia amina. Baba, ulale kwa amani.